Asilimia 30 si nyuzi 30

Ndugu Mhariri,

Salamu kwako na kwa wote mnaoandaa ukurasa wa ujenzi. Nausoma kila unapotoka, na mara nyingi naukata na kuubandika ukutani karakana ili vijana wangu wausome wakati wa chai. Wa wiki iliyopita sikuubandika. Msomaji mmoja aliwauliza paa la nyumba yake yenye upana wa mita 8 liinuke kiasi gani, nanyi mkamjibu kwamba mteremko wa asilimia 30, "yaani nyuzi 30", utamtosha. Niliusoma mstari huo mara tatu nikidhani miwani yangu ndiyo yenye kasoro.

Mhariri, hayo ni mapaa mawili. Nyumba ya upana wa mita 8 yenye paa la pande mbili, kofia yake, pale juu pande mbili zinapokutana, hukaa katikati, kwa hiyo kila upande una mlalo, yaani umbali wa usawa, wa mita 4. Asilimia 30 maana yake ukienda mita 1 kwa usawa unapanda sentimita 30. Mita 4 zinakupa mwinuko wa mita 1.20. Nyuzi 30 kwa mlalo uleule zinakupandisha mita 2.31. Tofauti ni mita 1.11. Mtoto wa miaka minne anasimama humo bila kuinama.

Naijua tofauti hiyo kwa sababu nimewahi kuijenga. Ni miaka 34 sasa tangu nianze kuezeka, na siku ile nilikuwa katika mwaka wa pili wa kujifunza. Ramani ya nyumba ya upana uleule wa mita 8 ilikuja na pembetatu ndogo imechorwa juu ya paa, ndani yake namba 30, basi. Hakuna alama ya asilimia, hakuna kale kaduara ka nyuzi. Mzee aliyekuwa akinifundisha kazi alikuwa kwenye jengo jingine siku hiyo. Mimi nilikuwa ndiyo kwanza nimenunua skwea yenye nyuzi, ile ya kuzungusha, na nilikuwa natafuta tu pa kuitumia watu waione. Nikaiona 30, nikasoma nyuzi. Sikumwuliza mtu. Nikakata nguzo za kati, zile zinazosimama chini ya kofia ya paa, nikakata mbao za kenchi, zile fremu za pembetatu zinazobeba paa, tukaunga tatu chini na kuzisimamisha mimi na wenzangu wawili.

Mzee alirudi alasiri. Hakunigombeza. Alilizunguka jengo kimya, mikono mgongoni, akaja kusimama chini ya kenchi ya kwanza, akavua kofia, akatazama juu kwa muda. Kisha akaniuliza, "Mwanangu, hili kanisa la nani?"

Tulizishusha jioni ileile. Mungu ashukuriwe nilikosea kwa kuzidisha, maana mbao ndefu hupunguzwa. Kila mbao ya mshazari nilikuwa nimeikata mita 4.62 kabla ya upenu, wakati iliyotakiwa ni mita 4.18. Sentimita 44 kila mbao zikawa kuni. Hata hivyo haikuwa kazi ya kupunguza urefu tu. Asilimia 30 ni kama nyuzi 16.7, kwa hiyo mikato yote ya juu kwenye kofia na ya chini inapokalia ukuta ilikuwa na pembe isiyo yake, nikairudia mmoja mmoja kwa taa. Jengo lilikuwa na urefu wa mita 12. Kama tungefika hadi kupiga bati, mwenye nyumba angenunua bati za kufunika karibu mita 10.6 za mraba zaidi ya alizopigiwa hesabu, na upepo ungepata ukuta mkubwa zaidi wa kusukuma. Vile vipande vya mita 1.11 tulivyokata kwenye nguzo za kati, mzee alikataa kimoja kisichomwe. Alikiandika kwa penseli "30 ya nini?" akakisimamisha pembeni mwa benchi langu. Ninacho hadi leo, na penseli bado inasomeka.

Sasa tuseme ningekosea kinyume chake. Ramani inataka nyuzi 30, mimi nasoma asilimia. Ningekata nguzo za mita 1.20 mahali pa mita 2.31, na mbao ikishakatwa haikui. Tena paa lililolala kupita lilivyokusudiwa lina ubaya wake: mvua ikija na upepo, maji hupanda kinyumenyume kwenye maungio ya bati, na mwenye nyumba atakulaumu kila masika pasipo kujua kwamba kosa lilikuwa la alama moja kwenye karatasi.

Nadhani chanzo cha mkanganyiko ni shule. Tumezoea asilimia ya mtihani, ambayo mwisho wake ni 100. Mtu akisikia mteremko wa asilimia 100 anafikiria ukuta uliosimama wima. Sivyo. Asilimia 100 ni kupanda mita 1 kwa kila mita 1 ya mlalo, na hiyo ni nyuzi 45. Nyuzi 60 ni asilimia 173. Ukuta wima, nyuzi 90, hauna asilimia kabisa, kwa sababu mlalo wake ni sifuri na hakuna wa kugawanya kwa sifuri. Asilimia hugawanya kimo kwa mlalo kisha huzidisha kwa mia. Nyuzi hupima pembe. Kuvuka kutoka huku kwenda kule unahitaji tanjenti, ile iliyokuwa ikituudhi darasani: tanjenti ya nyuzi 30 ni 0.577, kwa hiyo nyuzi 30 ni asilimia 57.7. Kwa mlalo wa mita 4, zidisha 4 kwa 0.577, utaipata ile mita 2.31 yangu ya aibu.

Vijana wangu hutumia njia ya mkato ya kuzidisha asilimia kwa 0.57 kupata nyuzi. Siwakatazi, ila nawaambia inapoishia. Asilimia 10 kwa njia hiyo ni nyuzi 5.7, na ndivyo ilivyo. Asilimia 20 inakuja nyuzi 11.4 wakati ukweli ni 11.3, hakuna msumeno utakaoiona tofauti hiyo. Ukifika asilimia 50, mkato unasema 28.5 na ukweli ni 26.6. Ukifika 100 unasema 57, nawe ushajua ni 45. Mifereji na sakafu, sawa. Paa, hapana, tumia kikokotoo.

Na kikokotoo chenyewe nacho kina mtego. Kijana wangu mmoja alikuja mbio mwaka jana kuniambia simu yake imeharibika, ameandika tanjenti ya 30 ikampa hasi 6.4. Simu ilikuwa nzima. Ilikuwa imewekwa kwenye radiani, kipimo kingine cha pembe wanachokitumia watu wa hesabu. Kabla ya jambo lolote iulize tanjenti ya 45. Ikikujibu 1, endelea. Ikikujibu kingine chochote, tafuta kitufe cha nyuzi.

Kuna na wanaolaza tepu juu ya mteremko wenyewe wakaita huo mlalo. Kwenye bomba la maji machafu haitawaumiza, tofauti ni nywele. Kwenye paa la nyuzi 30 watapata asilimia 50 badala ya 57.7. Mlalo ni wa usawa, tafadhali, kama kivuli cha saa sita. Na ni wa upande mmoja hadi chini ya kofia. Anayechukua upana wote wa nyumba amejizidishia mwinuko mara mbili.

Mafundi bomba wana vilio vyao. Rafiki yangu wa miaka mingi aliambiwa alaze bomba la mita 15 kwa mteremko wa asilimia 2, naye akampa kibarua kazi ya kuchimba mtaro na kumwambia "weka mbili". Asilimia 2 kwa mita 15 ni kushuka sentimita 30. Kibarua alichimba kwa nyuzi 2 akifuata simu yake, ambazo ni kushuka sentimita 52. Bomba likafika kwenye chemba, lile shimo la kukusanyia maji machafu, likiwa chini ya tundu lake kwa sentimita 22, yaani chini ya mahali maji yanapotakiwa kuingia. Ukisikia sauti ya mtu anayeambiwa afukie mtaro wa mita 15 na kuuchimba upya, hutaisahau.

Wakati nipo hapo niseme na hili la simu. Wengi siku hizi huweka simu juu ya bomba wakasoma mteremko. Simu nyingi zina nundu ya kamera mgongoni. Nundu ya milimita 2 kwenye simu ya milimita 150 inaongeza au kupunguza asilimia 1.3 peke yake. Ukitafuta mteremko wa asilimia 1, kosa limekishinda kitu unachokipima. Pima maji ya mita 1, ile rula yenye kichupa cha povu la kuonyesha usawa, na kipande cha mbao havina nundu. Ukitaka 1 kwa 40, ambao ni asilimia 2.5, funga chini ya ncha ya pima maji kijiti cha milimita 25. Laza bomba, weka pima maji juu yake, kijiti kikiwa upande wa kushukia. Povu likikaa katikati, mteremko umepatikana na hujagusa hesabu. Pima maji ikiwa ya sentimita 60, kijiti kiwe cha milimita 15. Ila kwanza ihakikishe yenyewe: iweke mahali, soma, igeuze palepale, ncha ya kulia ikae kushoto, soma tena. Povu lisipokaa palepale, pima maji hiyo inakudanganya.

Haya yote ni hasara ya mbao na jasho. Kilichonifanya nichukue kalamu ni kingine.

Mama mkwe wangu anatumia kiti cha magurudumu. Siku moja nilimpeleka kwenye jengo moja la huduma, sitalitaja, ambalo mlango wake umeinuliwa sentimita 45 kutoka ardhini. Walikuwa wamejenga rampu mpya, njia ya mteremko badala ya ngazi. Imepakwa rangi, ina mkono wa kushikia, na kibao cha kukaribisha watu wa viti vya magurudumu. Nikashika kiti nikaanza kusukuma. Hatua ya pili nikalala kifua. Hatua ya tatu viatu vyangu vikaanza kuteleza, kwa maana plasta ilikuwa imesuguliwa laini kama sahani. Mama mkwe akashika magurudumu kwa mikono yote miwili, hakusema kitu, mishipa ya shingo imemtoka. Katikati ya njia tulisimama, hatupandi wala hatushuki. Akaniambia kwa sauti ndogo, "Baba, turudi nyumbani, nitakuja siku nyingine." Mpita njia akatusaidia. Wakati wa kutoka nilimshusha kinyumenyume, yeye akitazama mlango.

Siku ya pili yake nilirudi na tepu. Kanuni inayofuatwa katika nchi nyingi, Marekani ikiwamo, ni rampu isizidi 1 kwa 12: kila sentimita 1 ya kupanda ipewe sentimita 12 za mlalo. Sentimita 45 zinadai mlalo wa mita 5.40. Pale nilipima mita 2.12. Nikagawanya 45 kwa 212, nikapata 0.212. Hiyo ni tanjenti ya nyuzi 12, barabara kabisa. Basi sikuhitaji kumtafuta aliyejenga ili anieleze. Mtu fulani alimwambia "rampu, kumi na mbili", naye akazungusha skwea yake hadi 12 kama mimi nilivyoizungusha yangu hadi 30.

Kumi na mbili ya kweli, ile ya 1 kwa 12, ni asilimia 8.3, au nyuzi 4.8. Mtu na kiti chake wakiwa kilo 80, mteremko huo unawavuta nyuma kwa uzito wa kama kilo 6.6. Kwenye nyuzi 12 wanavutwa kwa kilo 16.6. Mama mkwe wangu ana miaka 71, na mikono yake ndiyo iliyokuwa breki. Kanuni za Marekani zinataka hata rampu ya 1 kwa 12 yenyewe isipande zaidi ya milimita 760 bila kuwekewa sehemu bapa ya kupumzikia. Waliowahi kusukuma hawahitaji kuambiwa sababu.

Kwa hiyo hoja yangu, Mhariri, ni moja. Namba ya mteremko ikiandikwa peke yake haijasema kitu. 30 ni nini? 12 ni nini? Hata uwiano wenye nukta mbili unaweza kukupoteza. Michoro inayotoka Marekani huandika paa 4:12, inchi 4 za kupanda kwa inchi 12 za mlalo, na hiyo ni nyuzi 18.4. Kupanda kumetangulia. Lakini watu wa barabara na matuta ya udongo kulekule wakiandika 2:1 wametanguliza mlalo: mita 2 kwenda, mita 1 kupanda, nyuzi 26.6. Fundi wa paa akikabidhiwa tuta na kuisoma 2:1 kwa mazoea yake, atasimamisha udongo kwa nyuzi 63.4 na mvua ya kwanza itamshushia wote miguuni. Hakuna aliyekosea kuandika. Kila mmoja aliandika kama wenzake wanavyoandika.

Ninachoomba ni kwamba kila ramani na kila ushauri wa gazetini uandike vipimo viwili vya urefu: kimo hiki kwa mlalo huu, vyote kwa milimita. Kimo 1200, mlalo 4000. Kimo 450, mlalo 5400. Kushuka 300 katika 15000. Hapo nyuzi, asilimia na uwiano mtu ajipatie mwenyewe kwa raha zake, na akikosea, kosa ni la kikokotoo chake, tepu itamkamata kabla ya msumeno. Aliyezoea futi abadilishe zote mbili au asibadilishe yoyote, mteremko hautajali. Balaa ni kubadilisha kimo na kuacha mlalo.

Si jambo jipya hili. Binti yangu, anayesoma historia, alinionyesha kwamba Wamisri wa kale walifanya hivyohivyo. Kuna mafunjo ya hesabu yaliyonakiliwa na mwandishi aitwaye Ahmose kiasi cha mwaka 1550 kabla ya Kristo, sasa yako London, na ndani yake limo swali la piramidi yenye kitako cha dhiraa 360 na kimo cha dhiraa 250. Jibu lao la mteremko halina nyuzi. Wanasema ni vitanga 5 na sehemu 1 ya 25 vya mlalo kwa kila dhiraa 1 ya kupanda, dhiraa yao ikiwa na vitanga 7. Urefu kwa urefu. Na kabla ya kugawanya wanakata kitako nusu, 180, kama sisi tunavyopaswa kukata mita 8 kuwa 4. Nilimwambia binti yangu huyo mwandishi angefaa sana kuwa fundi wangu. Akaniambia wewe ndiye ungefaa kuwa wake.

Nisije nikaeleweka kama nawabeza waandishi wenu. Mtu anayeandika juu ya saruji leo na rangi kesho hawezi kushika kila kitu, na mimi mwenyewe nimekiri yangu hapo juu. Ila gazeti husomwa na fundi aliye juu ya ngazi, na maneno "yaani nyuzi" hayana gharama kuyaandika lakini yana gharama kuyajenga.

Kwa yule msomaji wenu mwenye nyumba ya mita 8: kama mlikusudia asilimia 30, nguzo yake ya kati ni mita 1.20 na mbao ya mshazari ni mita 4.18 bila upenu. Hiyo 4.18 inapatikana hivi: 4 mara 4 ni 16, 1.2 mara 1.2 ni 1.44, jumla 17.44, kisha kipeuo chake cha pili. Kama mlikusudia nyuzi 30, ni mita 2.31 na mita 4.62. Mimi sijui mlikusudia lipi, na yeye hajui. Lichapeni toleo lijalo, ukurasa uleule, kwa herufi za ukubwa uleule. Na kama mna namba yake ya simu, mpigieni leo, maana wiki imeshapita na huenda mbao zimeshafika.

Wako,
Fundi wa kuezeka, msomaji wenu wa kila toleo